Mgeni Asiyeulizwa Jina

Muhire ana ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeupa jina: haulizi watu majina. Yuko Nyakabanda, mtaa wa Kigali, siku nyingi, kila asubuhi ananunua maandazi kwa mama yuleyule, wanajuana mpaka habari za magoti, lakini ukimwuliza mama huyo anaitwa nani atakukodolea macho. "Mama Maandazi," atasema. Mshona viatu ni Fundi. Mwenye nyumba wake ameandikwa kwenye simu Mwenye Nyumba, na simu hiyo ikiita mbele za watu, wote humwonea huruma.

Wanaomjua kidogo humdhania ana dharau. Hana. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliofika huko zamani wakasahau kuondoka. Alipokuwa mvulana wa sekondari ikatoka amri kwamba wasio na karatasi warudi kwao, na familia yake ikavuka mpaka na magodoro kichwani. Upande wa pili walipokewa vizuri, kwa hilo hasemi uongo. Ila sufuria ya uji ilikuwa mwisho wa foleni, na kabla ya sufuria kulikuwa na meza, na nyuma ya meza palikuwa na mtu mwenye kalamu. Jina. Jina la baba. Jina la mama. Umezaliwa wapi. Una nini cha kuthibitisha. Muhire alijibu yote kwa adabu, na alipoifikia sufuria akamkuta mgawaji anakwangua ukoko. Tangu siku hiyo ana imani yake mbali na ile ya kanisani: mtu ale kwanza, jina litakuja lenyewe.

Imani kama hiyo haimfai mtu wa Kigali. Jengo lolote la maana unaacha kitambulisho getini, unaandikwa, unapapaswa, ndipo unaruhusiwa kwenda kuuliza choo kiko wapi. Na Muhire, kwa bahati yake, kazi aliipata Kacyiru, ambako majengo ya maana yamebanana kama meno ya kitana.

Kampuni yenyewe ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo lenye vioo vingi kuliko wapangaji. Walikuwa na programu moja tu, Shajara. Kazi yake ni hii. Mtu akitaka kuifundisha kompyuta itambue kitu, tuseme jani lenye ugonjwa, au kifua cha mtoto mwenye pumu, haifundishi mara moja ikaelewa. Anajaribu, inakosea. Anabadilisha kidogo, inakosea kwa namna nyingine. Baada ya majaribio mengi hakumbuki tena ni lipi lililokaribia ukweli, na siku ile alikuwa ametia nini. Ni kama mpishi aliyepika sufuria hamsini za mchuzi, moja ikawa tamu, naye hajui kama ni ile ya ndimu au ile aliyosahau chumvi. Shajara ndiyo inayomkumbukia. Jaribio hili lilikuwa na hiki na hiki, lilifikia hapa, na picha au sauti zilizotumika ziko humu, zimehifadhiwa.

Tatizo lilikuwa mlangoni. Shajara, kama ndugu zake wote, ilikuwa haikufungulii mpaka ujiandikishe: jina, barua pepe, simu, msimbo unaotumwa kwenye simu, na simu yenyewe pengine ni ya dada yako naye yuko sokoni. Muhire aliona watu wanafika kwenye ukurasa ule, wanasimama, wanaondoka. Aliwaona wanavyoondoka kama mtu anavyoona foleni ya uji ikipungua bila mtu kushiba.

Akatengeneza mlango wa wageni. Unaandika neno moja, "mgeni", unaingia, unafanya kazi yako. Huulizwi kitu.

Bosi wao, Shallon, mwanamke aliyekulia Kampala na ambaye Kiswahili chake hukanyaga mtu bila kuomba radhi, alimwita mezani.

"Kwa hiyo mtu inaingia, inakula, inatoka, na sisi hatujui ni nani."

"Ndiyo, bosi."

"Na sisi tunapata nini?"

"Atarudi. Akishashiba atajitambulisha mwenyewe."

Évode, fundi mwenzake Muhire, kijana wa Bujumbura ambaye hata msibani hutafuta pa kuingiza utani, alizungusha kiti. "Bosi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ndiyo akaunti."

Shallon alicheka, na kwa kicheko hicho mlango ukakubaliwa. "Sawa. Lakini hiyo jembe nataka kuiona kwa macho yangu. Nisije nikaambiwa iko njiani."

Muhire aliujenga mlango ule kama mtu anayejenga nyumba ya mama yake. Aliandika ahadi fupi ambayo kila mgeni aliisoma mara ya kwanza: hatutakuuliza wewe ni nani, hatutaigusa kazi yako, hatutainakili, hatutampa mtu. Kila mgeni alipewa kiungo chake cha siri, na mwenye kiungo ndiye mwenye mali. Kisha, ili ahadi isiwe maneno ya harusini, akaondoa kila kitu ambacho kingeweza kumfichua mgeni: mashine yake, mtandao wake, mji wake.

"Hata mwizi anaacha nyayo," Évode alimwambia. "Wewe sha, ndugu yangu, wageni wako wanapita kama malaika. Siku mmoja akisahau mwavuli utamrudishia nani?"

"Atakuja kuuchukua."

"Na asipokuja?"

"Basi mvua haikumsumbua."

Wageni wakaja. Wengine walikuwa wanafunzi wanaojaribu kutofautisha parachichi na embe, wengine walikuja kuandika matusi na kuondoka wameridhika. Muhire, kama fundi wa mlango, aliona kurasa zao zote, maana lazima mtu ahakikishe mitambo haizimiki. Na ndivyo alivyokutana na mgeni wa kuku.

Mara ya kwanza alidhani ni utani. Jaribio liliitwa "kuku_asubuhi". Likafuata "kuku_mvua_kwenye_bati". Likafuata "kuku_bila_jogoo", na siku ya pili yake "jogoo_amerudi_basi". Mtu huyu alikuwa anaacha simu bandani, inarekodi kuku wakilala na wakiamka, kisha anaifundisha kompyuta isikie kuku mwenye mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima kabla mwenye kuku hajamaliza kushangaa. Muhire aliujua mdondo. Karagwe ulikuwa unakuja kama mgambo, bila taarifa, na ukiondoka unaacha manyoya.

Chini ya kila jaribio mgeni aliandika maneno machache, kwa Kiswahili cha mjini hapa, kile kisichojali ngeli.

"Mvua ikipiga bati, mashine inasema kuku yote iko na mdondo. Hata mimi ningeingia humo ingesema niko nao."

"Leo imesema iko wazima wote. Asubuhi nimezika."

"Hizi sauti ni za wale walikufa. Kompyuta si yangu, ni ya kituo cha kompyuta, jioni wanaisafisha. Hapa tu ndiyo ziko."

Hili la mwisho Muhire alilisoma mara mbili. Jani lililooza unaweza kulipiga picha tena, majani hayaishi. Lakini kuku aliyekoroma usiku wake wa mwisho hakoromi mara ya pili kwa ajili ya utafiti. Sauti za ugonjwa ule, za banda lile, zilikuwa mahali pamoja tu duniani, nyuma ya mlango wake yeye.

Akaanza kumfuatilia mgeni huyo kama watu wanavyofuatilia timu. Akifika ofisini, kabla ya chai, anafungua kuona kuku wameamkaje. Jaribio likipanda, naye anapanda. Likishuka, Évode anajua kwa kumtazama mabega. Kisha siku moja likaja jaribio linaloitwa "dirisha_limezibwa", na chini yake: "Imesikia mdondo kabla macho yangu haijaona. Nimemtenga. Wengine wako wazima mpaka leo."

Muhire alisimama katikati ya ofisi.

"Kuku wamepona," akasema.

"Kuku wa nani?" Évode aliuliza.

"Sijui."

"Hongera sana."

Baada ya hapo mgeni akanyamaza. Wiki moja ikapita, nyingine ikapita, hakuna jaribio jipya. Muhire alijiambia mtu mwenye kuku wazima ana mengine ya kufanya.

Walioanza kusema wakati huo walikuwa wengine. Wafadhili walikuja, wakakaa na Shallon chumba cha vioo, wakamwonyesha kwa heshima kwamba programu yake imejaa watu ambao hawapo. Hawana jina, hawana simu, huwezi kuwaandikia wala kuwahesabu kwenye mkutano. Mgeni wa siku mbili alikuwa amekaa mwaka na nusu, na jembe halikuwa limeonekana. Shallon alitoka mle ndani akiwa ameshaamua, na kusema kweli, hakuwa na furaha.

"Ijumaa mlango unafungwa," alimwambia Muhire. "Na vitu vyao vinafutwa. Nafasi tunailipia sisi."

"Wapewe muda, bosi. Tuwaambie."

"Waambie. Nani amekukataza?"

Muhire alirudi mezani kwake. Awaambie, lakini kwa njia gani? Barua pepe zao hakuzitaka. Simu zao hakuzitaka. Mitandao yao aliifuta mwenyewe kila jioni kwa mikono yake misafi. Alibandika tangazo kubwa jekundu kwenye tovuti, na baadhi ya wanafunzi wa maparachichi wakaliona, wakachukua vyao. Ukurasa wa kuku haukufunguliwa na mtu. Shajara huhesabu waliotazama, na kwa ukurasa ule mtazamaji wa wiki zote hizo alikuwa mmoja, naye ni Muhire.

"Unajua nini kuhusu huyu mtu?" Évode aliuliza. Utani alikuwa ameuweka kando kidogo, kama mtu anavyoweka kando kijiko anachokihitaji bado.

"Ana kuku. Ana jogoo mwenye kiburi. Na majaribio mengine ameyaita 'ndera_asubuhi' na 'ndera_jioni'."

"Anarekodi kuku wakikoroma, halafu anakaa Ndera." Évode alitikisa kichwa. Kigali nzima ukisema mtu yuko Ndera unamaanisha hospitali ya wagonjwa wa akili. "Sha, huyo hata usimtafute. Wameshampata."

Lakini Muhire alikuwa ameshachomeka flashi. Alinakili kila kitu cha kuku: sauti, majaribio, na ule ujuzi uliofundishwa kompyuta mpaka ikasikia. Alikuwa anavunja ahadi aliyoiandika mwenyewe, na aliona aibu ya kweli, kama mtu anayepekua mfuko wa mgeni aliyelala. Kwa hiyo aliapa: nakala ni moja, ni ya mwenyewe, hatabakiza nyingine popote. Évode alimwambia aweke hata ya pili. Akakataa. Watu waadilifu ndivyo wanavyopatwa na mambo.

Jumatano akachukua pikipiki mpaka Ndera. Mbele ya hospitali ile barabara inagawanyika. Huku mashamba ya mihogo, kule nyumba mpya ambazo rangi bado zinanuka, na kuku wanasikika pande zote mbili. Muhire alisimama na flashi mfukoni akaona hawezi kubisha kila geti kama mwinjilisti. Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye malezi anafanya hapa nchini akiwa mgeni mahali: akaenda kwa kiongozi wa mudugudu, yaani kitongoji, yule ambaye watu humwita Mudugudu tu, kujitambulisha.

Mudugudu wa pale, Jean-Berchmans, alikuwa mzee nadhifu, viatu vinang'aa vumbini. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unamtafuta mtu usiyemjua jina."

"Ndiyo, mzee."

"Wala simu."

"Wala simu."

"Na yeye hakujui."

"Hanijui."

"Kijana, hapa hatuna watu wasiojulikana," Jean-Berchmans alisema, si kwa ukali, kwa fahari. Akavaa koti. "Twende. Wenye kuku nawajua wote."

Muhire alishukuru. Hilo ndilo analolikumbuka vibaya zaidi: kwamba alishukuru kwa mikono miwili.

Geti la kwanza walikuwa wazee wasio na hata redio. La pili hakukuwa na mtu. La tatu Jean-Berchmans aligonga bati kwa jiwe, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu akafungua nusu, kavaa mabuti ya mpira, mkono mmoja una pumba.

"Mama, amahoro. Huyu bwana ametoka Kacyiru," Jean-Berchmans akaanza, na Muhire akaona neno lile likimwingia mwanamke kama baridi. Kacyiru ni wizara. Kacyiru haitumi mtu kukusalimia. Na shingoni mwa Muhire kulikuwa kunaning'inia kile kitambulisho cha kazi chenye picha, ambacho alikuwa amekizoea hata hakisikii. "Anatafuta mtu anayerekodi kuku. Niambie jina lako lote, mama, tuandike." Akatoa simu yake, tayari.

Muhire hakujua kwamba kwenye mkutano wa wakazi juzijuzi ilitangazwa mifugo iondoke karibu na nyumba za kulala. Hakuna aliyemwambia. Jean-Berchmans, aliyelitangaza mwenyewe, hakuona kama linahusu.

"Kuku?" mwanamke akasema. "Kuku gani?"

Nyuma ya nyumba jogoo akawika, kwa nguvu zake zote.

"Hiyo iko ya jirani," akasema mwanamke. Upande ule jirani alikuwa shimo la msingi na rundo la matofali.

Muhire akasogea. "Dada, samahani. Mimi ni wa Shajara. Zile sauti zako zitafutwa Ijumaa. Nimekuletea zote, ziko hapa." Akanyoosha mkono wenye flashi.

Mwanamke aliitazama ile flashi. Muhire anasema aliitazama kama mtu anavyotazama mtoto wake kwenye mikono ya polisi. Kisha akamtazama Jean-Berchmans, na simu ya Jean-Berchmans, na kidole juu ya simu.

"Hiyo kitu sijui. Mimi sina kompyuta."

"Dada, mimi sihitaji jina—"

"Jina ni muhimu," Jean-Berchmans akasema.

"Nimesema sijui."

"Unaona?" Jean-Berchmans akamgeukia Muhire. "Huyu mama ni wa mboga tu."

Geti likafungwa. Kabla halijakutana, Muhire aliona chini ya paa, kwenye msumari, mfuko wa plastiki umefungwa vizuri na ndani yake simu kuukuu, kioo kimeelekezwa nyuma ya nyumba.

Alitaka kubaki. Alitaka kuzunguka, arudi peke yake, bila kile kitambulisho na bila mzee. Lakini hapa mgeni hasindikizwi nusu. Jean-Berchmans alimfikisha mpaka kituo cha pikipiki, akamwitia motari, akamwagiza motari aende polepole, akasimama akipunga mkono mpaka pikipiki ikakata kona. Huwezi kumwambia mtu anayekupungia mkono kwamba unataka kumzunguka.

Alhamisi alfajiri akarudi mwenyewe, suruali ya kawaida, shingo tupu. Geti lilikuwa na kufuli. Alisikiliza. Nyuma ya nyumba hakukuwa na hata kwaruzo. Mlinzi wa jengo la jirani, aliyekuwa anapasha mikono kwenye jiko, alimwambia bila kuulizwa, "Kuku zimepakiwa jana jioni. Pikapu nzima. Kuna mtu wa serikali alikuja."

"Mwenyewe amewapeleka wapi?"

"Ameuza, nafikiri. Kwa haraka vile utampelekea nani? Wewe ulikuwa unataka mayai?"

"Ndiyo," Muhire akasema. "Mayai."

Alirarua karatasi, akaandika: Ni sauti za kuku wako. Mimi si mtu wa serikali. Akakaa na kalamu, akaona karatasi isiyo na jina ni ya kutisha zaidi, akatia jina lake na namba yake. Akaifungia flashi ndani ya karatasi, akaisukuma chini ya geti, ikateleza ndani upande wa kavu. Siku nzima alibeba simu mkononi. Iliita mara moja, ilikuwa Mwenye Nyumba.

Ijumaa aliufunga mlango yeye mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejua ulivyojengwa. Kufuta kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Évode alisimama nyuma yake.

"Na zile nakala za akiba?" Shallon aliuliza kutoka mlangoni.

"Nazo."

"Pole," alisema, na alimaanisha.

Wiki mbili baadaye, kabla ya chai, Muhire alikuta maombi ya mgeni yamekataliwa. Mtu alikuwa ameandika "mgeni", akagonga ukuta. Akaandika tena. Akajaribu kiungo chake cha siri, akajibiwa kwamba ukurasa huo haupo. Jaribio alilotaka kuanzisha lilikuwa na jina, na jina ndilo pekee lililopenya mpaka kwenye mitambo: "kuku_wapya".

Kila alipokataliwa, Shajara ilimjibu kwa upole kama ilivyofundishwa: tafadhali fungua akaunti ili uendelee. Muhire alikaa akitazama, mikono mapajani. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha akaunti ikafunguliwa. Jina: Pudentienne Barankariza. Barua pepe. Simu. Mahali: Ndera. Alikuwa amejaza kila kisanduku, hata vile ambavyo havikuwa vya lazima, kama mtu anayemwaga mfuko wote mezani ili mradi apite.

Akaingia. Mitambo ilionyesha amefungua orodha ya majaribio yake. Akaifungua upya. Akaifungua upya tena. Orodha ilikuwa nyeupe.

Ujumbe ukaja kwenye dirisha la msaada, linalojibiwa na yeyote aliye karibu. Muhire alikuwa karibu.

"Habari. Nimefanya akaunti kama mnavyotaka. Kituo cha kompyuta kilikuwa kimefunga, sikuweza kuja. Kuku yangu ya zamani iko wapi?"

Kulikuwa na jibu lililoandaliwa kwa maswali ya namna hiyo, lenye masikitiko mwanzoni na shukrani mwishoni. Muhire hakulitumia.

"Tumezifuta, dada. Mimi ndiye niliyekuja kwako Jumatano ile. Nakala nilikuachia kesho yake chini ya geti, kwenye flashi. Iko ndani ya karatasi."

Alingoja. Chini barabarani walinzi walikuwa wanabadilishana zamu.

"Ile ilikuwa ya kweli?" likaja.

"Ilikuwa ya kweli. Bado unayo?"

"Nilitupa chooni. Siku ileile niliipata." Kisha, baada ya kitambo: "Nilidhani ni ya kunitega. Ulikuja na Mudugudu."

Muhire aliandika, akafuta, akaandika tena. Alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba yeye hata Mama Maandazi hajui jina lake. Mwishowe alituma "Nisamehe." Shajara ikaonyesha umesomwa. Jibu halikuja.

Kwenye mkutano wa Jumatatu Shallon aliwasha skrini kuonyesha akaunti mpya tangu mlango ufungwe. Zilikuwa chache lakini zilikuwa na majina, na alizisoma moja moja kwa raha, kwa sababu ni kweli alikuwa amezingoja muda mrefu. Alipofika kwa Pudentienne alimtazama Muhire. "Unaona? Walikuwa na majina siku zote. Ilikuwa kuwauliza tu." Évode alitazama meza.

Pudentienne hakurudi. Hakuifunga akaunti pia, kwa hiyo bado inahesabiwa. Na kwa kuwa ana barua pepe sasa, kila Jumatatu asubuhi Shajara humwandikia yenyewe, kwa maneno ambayo Muhire aliyatunga mwaka ule wa kwanza na yalimpendeza sana: "Karibu, Pudentienne. Bado hujaanza jaribio lolote. Leo ni siku nzuri ya kuanza."